Pampu Kubwa, Vali Nusu: Stima ya Kiwanda Inapotelea Wapi

Ukitaka kujua kama kiwanda kinamwaga stima kwenye pampu zake, usianze na mota. Anza na vali iliyo mbele ya pampu, upande wa kutolea maji. Kama imefungwa nusu, na mpini wake umeshika vumbi kwa sababu haujaguswa tangu pampu ifungwe hapo, jibu umeshalipata kabla hujatoa kifaa chochote mfukoni.

Vali ya namna hiyo utaikuta kwenye maeneo ya viwanda ya Nairobi na jirani zake, Industrial Area, Baba Dogo, Ruaraka hadi Athi River, na kwa kawaida haikuwekwa hivyo kwa uzembe. Mhandisi aliyechora mfumo aliongeza kiasi juu ya hesabu yake ili asilaumiwe maji yakipungua. Mkandarasi naye akaongeza kidogo. Muuzaji hakuwa na saizi hiyo dukani, akatoa inayofuata kwa ukubwa. Siku ya kuwasha, maji yakaja mengi kupita mahitaji, mota ikavuta ampea nyingi hadi swichi ikajikata, na fundi akaifunga vali polepole mpaka ampea zikatulia. Mfumo ukafanya kazi. Tangu siku hiyo kiwanda kinalipia stima ya kuyasukuma maji, kisha kinalipia nyingine ya kuyazuia.

Kupanda ni kitu kimoja, kusuguana ni kingine

Pampu hupambana na mizigo miwili tofauti, na asiyeitenganisha atanunua dawa isiyo ya ugonjwa wake. Mzigo wa kwanza ni kimo: tofauti ya urefu kati ya maji yanakotoka na yanakokwenda, pamoja na presha yoyote inayosubiri upande wa pili, kwa mfano ndani ya boila. Huu haubadiliki. Upeleke maji mengi au kidogo, tangi la juu liko pale pale.

Mzigo wa pili ni msuguano ndani ya mabomba, kona, vali na machujio. Huu hukua kwa mraba wa mtiririko: ukiongeza maji mara mbili, msuguano huongezeka mara nne. Ukubwa wa bomba nao una nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Kwa mtiririko ule ule, msuguano hubadilika kwa kipeo cha tano cha kipenyo. Bomba la milimita 100 badala ya la milimita 80 hupunguza msuguano hadi karibu theluthi moja. Ndiyo maana anayeokoa shilingi chache kwa kununua bomba jembamba huzilipa tena kila mwezi kwenye bili.

Mizigo yote miwili hupimwa kwa mita za maji, na jumla yake ndiyo msukumo ambao pampu hutoa. Baa moja kwenye geji ya presha ni sawa na mita 10.2. Ukishajua mita hizo na mtiririko, nguvu inayoingia kwenye maji ni hesabu ya mstari mmoja: zidisha mita za ujazo kwa saa kwa mita za msukumo, kisha gawanya kwa 367. Unapata kilowati. Hiyo ndiyo kazi halisi iliyofanyika. Kila kilowati nyingine ambayo mita ya stima imeisoma imeishia kwenye joto, kelele na uchakavu.

Mfano mmoja hadi mwisho

Chukua pampu ya maji ya kupozea mitambo, yenye mota ya kilowati 30. Vifaa vinavyohitajika ni mita ya kubana waya inayosoma pia pawa fakta (uwiano wa stima inayofanya kazi halisi kwa ile inayovutwa), geji mbili nzima (zile za zamani zenye kioo kilichopasuka zitakudanganya), na saa. Hakuna mita ya maji? Kama bomba linaweza kuelekezwa kwenye tangi tupu la lita 10,000, pima dakika za kulijaza huku vali ikiwa katika hali yake ya kila siku, na geji ya mbele ya pampu ikisoma kama inavyosoma siku zote. Geji ikishuka, maji yamepata njia nyepesi na kipimo hicho si cha kweli. Kaba mdomo wa bomba la tangi hadi usomaji urudi.

Tuseme tangi limejaa kwa dakika 12. Hiyo ni mita za ujazo 50 kwa saa. Geji iliyo kati ya pampu na vali inasoma baa 6.4, yaani mita 65. Upande wa kuvuta, geji iko chini ya sifuri kwa baa 0.2, yaani mita 2 ambazo lazima ziongezwe. Jumla ni mita 67. Nguvu kwenye maji ni 50 × 67 ÷ 367, yaani kilowati 9.1.

Sasa geuka kwenye swichibodi. Volti 415, ampea 38, pawa fakta 0.85. Mota ya fezi tatu huhesabiwa kwa kuzidisha hizo tatu, kisha 1.73, na kugawanya kwa 1,000: tunapata kilowati 23.2. Kwa hiyo kati ya kila uniti 100 zinazonunuliwa, 39 tu ndizo zinazofika kwenye maji. Ukichukua ufanisi wa mota kuwa asilimia 91, pampu yenyewe imebaki na asilimia 43, wakati pampu ya ukubwa huu ikiwa nzima na mahali pake hufikia asilimia 70 na kitu.

Bado hatujafika kwenye vali. Hamishia geji upande wa pili wa vali: inasoma baa 3.6. Baa 2.8, sawa na mita 28 na nusu, zimekufa hapo katikati. Hiyo ni asilimia 43 ya msukumo wote, na kwa stima ni karibu kilowati 10. Kiwanda kikifanya kazi saa 16 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, vali hiyo moja inakula zaidi ya uniti 47,000. Kwa bei ya shilingi 20 kwa uniti, ambayo nimeichukua ili hesabu iwe nyepesi, ni kama shilingi laki tisa na nusu kila mwaka.

Mfumo wenyewe ulihitaji nini? Mita za ujazo 50 kwa msukumo wa mita 39. Pampu iliyochaguliwa kwa kazi hiyo, yenye ufanisi wa asilimia 72, ingetaka kilowati 7.4 kwenye shafti. Mota ya kilowati 11 ya daraja la IE3 (daraja la kimataifa la ufanisi wa mota) ingevuta kama kilowati 8.1. Kutoka 23.2 hadi 8.1: pengo ni kilowati 15, uniti zipatazo 72,000 kwa mwaka, karibu shilingi milioni moja na laki nne na nusu. Ukiwa na hesabu hii mkononi, mazungumzo na meneja wa fedha huwa mafupi.

Kukata impela, kubadili pampu, au kufunga draivu

Dawa ya bei nafuu kuliko zote ni kukata impela, gurudumu la ndani ya pampu linalosukuma maji, kwenye lethi (mashine ya kukereza chuma). Impela ya milimita 200 ikipunguzwa hadi 185, msukumo hushuka kwa asilimia 14 hivi na nguvu kwa karibu asilimia 20. Kuna masharti. Kata robo tatu tu ya kile ambacho hesabu imekuambia, irudishe, pima, ndipo ukate tena, kwa sababu ukataji wa kweli mara nyingi huzidi hesabu na chuma kilichoondoka hakirudi. Isawazishwe upya kabla ya kufungwa, la sivyo itatikisika na kuua beringi. Na usipite asilimia 20 ya kipenyo kikubwa ambacho mtengenezaji ameruhusu, kwani nafasi kati ya impela na kasha huwa kubwa mno na ufanisi huporomoka. Katika mfano wetu impela ingehitaji kupungua kwa karibu robo. Hapo kukata hakufai, badilisha pampu.

Draivu ya kubadili mwendo, ambayo mafundi wengi huiita VFD, ndiyo inayouzwa kwa sifa nyingi kuliko vifaa vyote vya aina hii, na sehemu ya sifa hizo ni kweli. Mwendo ukishuka, mtiririko hushuka kwa kiasi hicho hicho, msukumo kwa mraba, na nguvu kwa mchemraba. Pampu ikizungushwa kwa asilimia 80 ya mwendo wake, inataka nusu tu ya nguvu. Hii ndiyo hesabu anayoionyesha muuzaji.

Asichokisema ni kwamba mchemraba huo hutimia pale tu ambapo mzigo wote ni msuguano: maji yanayozunguka kwenye mfumo uliofungwa, kwa mfano maji baridi ya chila (mtambo wa kupoza maji). Ukiwepo mlima wa kupanda, hesabu hugeuka.

Visima virefu vya Nairobi ndivyo vinavyolionyesha hili vizuri zaidi. Tuseme maji yako mita 180 chini ya ardhi pampu ikiwa inafanya kazi, na tangi liko mita 12 juu. Kupanda peke yake ni mita 192, msuguano ni mita 10 tu. Pampu ina uwezo wa juu kabisa wa mita 250 vali ikifungwa, kwa hertzi 50. Ukiishusha hadi hertzi 44, uwezo huo unakuwa mita 194 hivi, mita mbili tu juu ya kile kinachotakiwa ili tone la kwanza litoke. Maji yanakuwa uzi, ukishuka chini kidogo yanakatika kabisa, lakini mota inaendelea kuzunguka na mita inaendelea kusoma. Ubaya zaidi, mota ya ndani ya kisima hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake. Yakikatika, inaungua.

Kwenye kisima cha aina hiyo, draivu ina manufaa mengine: kuwasha polepole, kutoishtua bomba, kulinda mota dhidi ya kukauka. Mwenye kuinunua kwa sababu hizo ananunua vizuri. Ila asitarajie bili ishuke nusu. Na hata kwenye mfumo wa msuguano mtupu, kama kiwanda kinahitaji mtiririko ule ule asubuhi hadi usiku, draivu itakuwa inapunguza mwendo wa pampu ambayo haikupaswa kuwa kubwa hivyo, na yenyewe itakula kama asilimia 3 njiani. Mahali pake ni pale mahitaji yanapopanda na kushuka. Ukiifunga, ifungue vali ya mbele hadi mwisho. Kuna draivu zinazofanya kazi huku vali imebaki nusu kama zamani, kwa kuwa aliyeifunga draivu hakuambiwa kuhusu vali.

Pale ambapo mahitaji ya usiku ni kidogo sana, pampu ndogo ya pembeni mara nyingi hushinda yote hayo. Kiwanda kinachohitaji mita za ujazo 60 mchana na 8 usiku hakina sababu ya kuamsha pampu kubwa kwa ajili ya hizo 8.

Mita 1,700 juu ya bahari

Jedwali na michoro mingi ya pampu huandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Mombasa, hewa inaweza kusukuma maji juu kwenye bomba tupu hadi mita 10.3. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, ni kama mita 8.4. Tumepoteza karibu mita mbili za uwezo wa kuvuta kabla hatujanunua chochote.

Kwa maji baridi yanayotiririka yenyewe kutoka tangini hilo halionekani. Linaonekana maji yakiwa ya moto. Hapa maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Tangi la kondensate (mvuke wa boila uliopoa ukarudi kuwa maji) lenye maji ya nyuzi 90 limebakiwa na kama mita 1.3 tu kabla maji hayajageuka mvuke ndani ya pampu. Tangi hilo likiwekwa sakafuni sawa na pampu, bomba la kuvuta likiwa jembamba lenye kona mbili na chujio chafu, pampu itaanza kutoa sauti ya kokoto. Hakuna kokoto. Ni mapovu ya mvuke yanayopasuka kwenye impela na kuichimba vishimo. Fundi anayejaribu kuinyamazisha hubana vali ya mbele, kelele hupungua, na tunarudi kwenye hasara ile ile tuliyoanza nayo, safari hii ikiwa imezaliwa upande wa nyuma wa pampu.

Tiba iko nyuma pia. Inua tangi mita mbili au tatu juu ya pampu. Ongeza kipenyo cha bomba la kuvuta ili maji yasipite mita 1.5 kwa sekunde. Acha bomba lililonyooka, urefu wa angalau mara tano ya kipenyo, kabla ya mdomo wa pampu. Safisha chujio kwa kufuata geji na si kalenda: weka geji kila upande wake, tofauti ikianza kukua, lifungue.

Urefu huu kutoka baharini unagusa mota pia. Kilowati zilizoandikwa kwenye kibandiko chake ni za hadi mita 1,000 na hewa ya nyuzi 40. Kwa Nairobi, ukitaka kilowati zile zile, hewa inayoizunguka isizidi nyuzi 33 au 34. Nje hilo ni rahisi. Kwenye chumba cha boila kisicho na madirisha si rahisi, na shaba ikipata joto ukinzani wake huongezeka, kwa hiyo hasara nayo huongezeka. Draivu nyingi nazo hupoteza karibu asilimia 1 ya uwezo kwa kila mita 100 juu ya mita 1,000. Kwa hiyo muulize muuzaji swali hilo kabla ya kulipa.

Uchakavu na mota zilizosukwa upya

Ndani ya pampu, kati ya impela na kasha, kuna ringi zinazozuia maji yaliyokwisha kusukumwa yasirudi kwenye mdomo wa kuvuta. Zikilika, sehemu ya maji huzunguka humo ndani bila kutoka, na pampu huyasukuma yale yale tena na tena. Pampu isiyofunguliwa kwa miaka inaweza kupoteza asilimia 10 hadi 15 ya ufanisi kwa njia hiyo pamoja na kutu. Ringi ni za bei ndogo. Dalili ni kwamba ukifunga vali kabisa kwa sekunde chache, geji haifiki tena ilipokuwa inafika pampu ikiwa mpya. Hicho ni kipimo kizuri cha kuandika daftarini kila robo mwaka, mradi usiizungushe pampu ikiwa imefungwa kwa muda mrefu.

Mota iliyoungua ikasukwa upya kwa uangalifu hurudi karibu kama ilivyokuwa. Hatari iko kwenye kutoa waya wa zamani. Stata, sehemu ya mota isiyozunguka inayobeba waya, ikichomwa kwa moto wa gesi au kuni bila kupima joto, utando unaotenganisha bati za chuma huharibika, na chuma chenyewe huanza kupoteza stima hata mota ikiwa haina mzigo. Muulize fundi anachoma kwa joto gani. Akiwa na tanuri lenye kipimo na halipitishi nyuzi 370, yuko salama. Pima ampea za mota bila mzigo kabla na baada. Kwa mota ndogo zinazofanya kazi saa nyingi, binafsi naona mpya ya IE3 ndiyo rahisi kuliko kusuka mara ya pili.

Bili na sheria

Kanuni za Usimamizi wa Nishati za 2012 ziliweka kiwango cha uniti 180,000 kwa mwaka. Chini ya kanuni hizo, kituo kilichofika hapo kilitakiwa kufanya ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu na kutekeleza angalau nusu ya akiba iliyobainishwa. Msimamizi ni EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli nchini Kenya. Chama cha wenye viwanda cha Kenya, KAM, kina kituo chake kinachosaidia kufanya ukaguzi huo. Ripoti nzuri ya ukaguzi ina vipimo vya pampu moja moja kama tulivyofanya hapo juu. Ikiwa na sentensi za jumla tu kama "fungeni draivu kwenye pampu zote", irudishe kwa aliyeiandika.

Mteja mkubwa wa Kenya Power hulipia pia kVA (kipimo cha stima yote anayovuta, hata isiyofanya kazi), na pawa fakta ikishuka chini ya 0.9 anatozwa zaidi. Mota kubwa yenye mzigo mdogo ndiyo inayoishusha, kwa hiyo kupunguza saizi ya mota husaidia pande mbili. Bei ya usiku, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi, inafaa kwa kujaza matangi. Hiyo huokoa shilingi, haiokoi hata uniti moja.

Namba moja ya kufuata

Baada ya marekebisho, funga mita ndogo ya stima kwa kila pampu kubwa na mita ya maji kwenye bomba lake. Kila Jumatatu andika zote mbili, gawanya uniti kwa mita za ujazo. Kupandisha mita moja ya ujazo kwa mita moja hakuwezi kutaka chini ya uniti 0.0027. Kisima chetu cha mita 202 kwa hiyo hakiwezi kushuka chini ya uniti 0.55, kikiwa na ufanisi wa jumla wa asilimia 55, kitasoma karibu uniti 1 kwa kila mita ya ujazo.

Namba hiyo ikianza kupanda, shusha kwanza kipimo cha kina cha maji kisimani. Kila maji yanaposhuka mita 20, uniti 0.1 huongezeka na pampu haina kosa. Kama kina ni kile kile na namba imefika 1.15, zima pampu na usikilize mdomoni mwa kisima. Ukisikia maji yakimwagika ndani, bomba la kupandishia limetoboka na sehemu ya maji unayoyalipia inarudi chini kabla ya kufika kwenye mita. Kukiwa kimya, toa pampu ukague impela na ringi zake.